Panki Haichanwi kwa Wembe

Wajukuu zangu wenye magitaa, nimewasikia. Mlikaa kibarazani kwangu Jumamosi iliyopita mkabishana mpaka chai ikapoa: bendi ipi ni panki halisi na ipi ni panki ya dukani. Mmoja akasema panki ni spidi. Mwingine akasema panki ni kuwasema wakubwa bila woga. Rehema, mjukuu wangu wa damu, ambaye kikundi chake kinafanya mazoezi kwenye stoo ya mabati kule mtaa wa Gerezani, akasema panki ni mkwaruzo, akafungua simu yake akanionyesha kitufe. Unakigusa, sauti ya gitaa inachafuka. Unakigusa tena, inatakata. Kisha akaniuliza, "Babu, wewe umekuwa fundi redio miaka yote hiyo. Bendi yako ya panki ni ipi?"

Nikacheka, nikasema nitafikiri. Uongo huo. Jibu nilikuwa nalo, ila lilikuwa refu kuliko chai yenu.

Kwanza mjue kwamba sisi panki tuliijua kichwani kabla ya kuijua masikioni. Ilikuwa mtindo wa nywele. Kinyozi jirani yetu pale Mtaa wa Msimbazi alikuwa ameichora ukutani kwa rangi ya mafuta: pembeni upara, katikati kichaka kimesimama. Aliyenyoa panki alirudi nyumbani akachapwa na baba yake, habari ikaishia hapo. Hakuna aliyetuambia kwamba nyuma ya zile nywele kulikuwa na muziki.

Mimi nilikuwa fundi katika duka la Ami Seif. Duka lenyewe lilikuwa jembamba kama korido, mbele meza ya kioo, nyuma meza yangu ya kazi, na ukutani redio zimepangwa mpaka darini. Ami alikuwa na desturi moja ambayo sijaiona kwa fundi mwingine. Redio ikishapona, haizimwi. Inaachwa ikiimba kwa sauti ndogo mpaka mwenyewe aje kuichukua. Basi mchana, jua likiwa limesimama juu ya Kariakoo na watu wamejibanza vivulini, redio kumi na tano zilikuwa zinanong'ona kwa pamoja, kila moja na stesheni yake: huku mpira, huku taarabu, huku mtu anatangaza vifo. Moshi wa risasi ya kulehemu ikiyeyuka ulikuwa ukipanda taratibu mbele ya macho yangu. Nilifanya kazi nusu nimeamka na nusu naota, na sidhani kama nimewahi kuwa na furaha kama ile tena.

Ami Seif alinifundisha kazi kwa maneno machache. Nusa kabla hujatazama. Kilichoungua kitajitaja chenyewe. Gonga kwa mpini wa bisibisi, usigonge kwa chuma. Kiungo cha risasi kinachong'aa kimeshika, kilichofifia kama majivu kinakudanganya. Na kubwa kuliko yote, alilolirudia kila siku akiwa amekaa na kanzu yake nyeupe ambayo sijui aliikinga vipi na vumbi lile: "Kelele ni ugonjwa, mwanangu. Na wewe ndiye daktari."

Kulikuwa na jingine ambalo sikulishika. Alisema, "Mwache mwenye redio aseme mpaka amalize." Hilo nililiona la wazee. Nilikuwa kijana, masikio makali, mtu akifungua mdomo kusema redio yake ina nini, mimi nilishamwambia ina nini. Mara tisa kati ya kumi nilipatia, na hizo mara tisa ndizo zilizoniharibu.

Panki ya masikioni ililetwa na baharia mmoja aitwaye Kibwana. Meli yake ikitia nanga alishuka Kivukoni na mfuko wa kanda, akaja moja kwa moja kwetu nimnakilie. Majina ya bendi aliyatafsiri mwenyewe kwa wino wa bluu: Panya wa Bandarini. Meno ya Bati. Kwao waliitwaje, sijui mpaka leo. Siku ya kwanza niliweka kanda ya Meno ya Bati, nikasikia kelele tupu. Nikasafisha kichwa cha mashine kwa spiriti. Kelele. Nikabadilisha mkanda wa mota. Kelele ileile. Nikafungua mashine yote nikaipanga upya, saa tatu nzima, nikamwambia Ami kwamba kanda imeungua baharini kwa chumvi.

Kibwana aliporudi na kusikia habari hiyo alicheka mpaka akakaa sakafuni. "Haijaungua, fundi. Ndivyo walivyo! Hiyo inaitwa panki."

"Basi ni wagonjwa," Ami Seif akasema, na akapunguza sauti.

Lakini mimi, Ami akienda kuswali, nilikuwa naiongeza. Yule mwimbaji wa Meno ya Bati aliimba kama mtu anayemwita nduguye ng'ambo ya barabara, na magari hayaishi kupita. Sikuelewa hata neno moja. Nilichoelewa ni kwamba ndugu hasikii.

Sasa ndiyo nimfikishe kwenu Debe.

Debe alikuwa kuli pale sokoni Kariakoo, mtu wa Masasi, mabega mapana, anapita na gunia la vitunguu kichwani kama amevaa kofia. Alikuwa na kigugumizi. Si kile cha kukwama mara mojamoja, hapana, kile cha kumshika mtu koo mpaka mishipa inasimama. Herufi ya K ndiyo iliyokuwa adui yake mkubwa. Akinunua kahawa alinyoosha kidole tu.

Ila Debe akiimba hakukwama. Alikuwa na kikundi cha muziki wa mchiriku na makuli wenzake, kinaitwa Debe Tupu Saundi, kwa sababu ya ile methali mnayoijua, debe tupu haliachi kuvuma. Vyombo vyao vilikuwa ngoma tatu, kinanda kidogo cha betri kama cha kuchezea watoto, amplifaya iliyoungwaungwa, na spika moja kubwa ambayo koni yake, ile karatasi ya mbele inayotetema, ilikuwa imechanika na kuzibwa kwa karatasi ya mfuko wa saruji. Jumapili alasiri walipiga kwenye uwanja nyuma ya magereji ya Gerezani. Kibwana ndiye aliyenipeleka. Sauti ya Debe ilitoka kwenye ile spika kama nyuki ndani ya bati, na makuli mia wakiruka vumbini. Kibwana akanishika bega akanipigia kelele sikioni: "Panki hii! Hawa hata Kigamboni hawajafika, na ni panki kuliko wote niliowaona huko!"

Wimbo wao mkubwa ulikuwa na mstari mmoja ambao Debe aliutunga mwenyewe, akaujaza adui yake makusudi: *Kuli kabeba kila kitu, kasoro jina lake.* Huo mstari mtu wa kigugumizi hawezi kuusema. Yeye aliuimba kila Jumapili, laini kama mafuta. Baadaye aliniambia siri yake. Alisema kwenye ule mkwaruzo hakuwa anajisikia mwenyewe. Alikuwa anasikia spika, na spika haina kigugumizi.

Siku moja Debe akaingia dukani na amplifaya begani na spika mkononi. Akaviweka juu ya meza. Akavuta pumzi. "Fu-fundi. Ina-k... ina-k-k-k..."

"Inakwaruza," nikamwambia. "Nimeisikia Jumapili. Niachie."

Alitikisa kichwa, akajaribu tena. "Ina-k-k..."

"Nimeelewa kaka, inakwaruza, mpaka Ijumaa itakuwa mpya."

Halafu akapunga mkono, kama mtu anayesema shauri yako, akaenda zake sokoni. Ami Seif alikuwa amekaa palepale na kikombe chake cha kahawa. Nakumbuka alikiweka chini.

Wiki ile nilifanya kazi nzuri kuliko zote nilizofanya maishani. Nilitia waya wa ardhi, nikabadilisha kapasita zilizovimba, nikabandua ile koni mbovu nikaitupa kwenye pipa la skrepa, nikabandika mpya kwa gundi, nikaipanga katikati kwa vipande vya kadi ili isiguse sumaku. Ilipokauka nikaiwasha. Kimya. Ukimya wa amplifaya nzuri una uzuri wake, kama chumba kilichofagiliwa. Nikajisifu.

Jumapili nikaenda uwanjani kusikiliza mkono wangu. Debe akashika kipaza sauti, ngoma zikaanza, akafungua mdomo. Ikatoka sauti yake mwenyewe, nyembamba na safi, kila mtu akaisikia na yeye akaisikia. Nikamwona anashtuka. Akaendelea mistari miwili. Halafu katikati ya wimbo, sauti ikakatika. Ikarudi. Ikakatika tena. Ngoma zikasita kumsubiri, na sauti iliporudi ikamkuta kwenye mstari ule: "Ku-k-k-k-k..."

Spika yangu mpya haikuficha hata tone. Uwanja mzima ukasikia, na mtu mmoja nyuma akacheka. Ni mmoja tu, wala hakuwa na nia mbaya. Debe akaweka kipaza sauti chini, taratibu, kama anaweka yai. Akaondoka kwa miguu kupitia kwenye vyuma vya magereji. Jumapili iliyofuata uwanja ulikuwa mtupu, na iliyofuata pia. Wenzake wakaniambia hazungumzi tena na mtu yeyote, hata kwa kidole.

Mimi niliona haya, wajukuu zangu. Nawaambia bila kuficha. Redio zote zile zilikuwa zinaimba na mimi sikusikia hata moja.

Wiki ya tatu nikamfuata sokoni. Nilimkuta amekaa juu ya magunia, mchana, wakati soko linapopoa na harufu ya vitunguu na dagaa inatulia juu ya kila kitu. Nikakaa pembeni yake.

"Ndugu yangu, nimekukosea," nikamwambia. "Siku ile ulitaka kusema nini?"

Akanitazama. Akaanza. "Ina-k..." Nikafunga mdomo wangu. Nawaambieni, sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile. Neno nilikuwa naliona kwenye ulimi wangu, maneno kumi nilikuwa nayaona, na kila moja lilitaka kuruka. Mkokoteni wa ndizi ukaja, ukapita, ukaondoka. Mama mmoja akauliza bei ya gunia, hakujibiwa, akaenda. Mishipa ya shingo ya Debe ilisimama. Nikasubiri.

"Ina-k-k-k... inakatika."

Inakatika! Hakuwahi kulalamikia mkwaruzo. Sauti ilikuwa inakatika, tangu mwanzo, na ndiyo iliyomkatikia uwanjani. Nikamwomba tuende dukani na vyombo vyake. Nikafungua amplifaya, nikagonga kwa mpini wa bisibisi, na kiungo kimoja kilichofifia kama majivu kikajionyesha. Nikakigusa kwa risasi. Kazi ya dakika mbili. Ugonjwa wenyewe niliuacha, nikatibu uzima.

Ilibaki koni. Nilikwenda kwa wauza skrepa wote wa Gerezani kuitafuta ile iliyochanika, nikapekua mapipa mpaka kanzu ya Ijumaa ikaharibika. Haikuonekana. Basi nikafanya la kifundi. Nikachukua wembe, nikaichana ile mpya palepale nilipokumbuka, nikabandika karatasi ya mfuko wa saruji, nikamwita Debe. Ilikwaruza vizuri sana. Mngeisikia mngeipenda, ni sawasawa na kitufe cha Rehema.

Debe akaimba mstari mmoja tu. Akatikisa kichwa.

"Hii u-u-umeichana," akasema. "Ile i-ilichanika."

Ami Seif ndiye aliyejibu kutoka mbele, bila kugeuka: "Amesema kweli. Bandika nyingine nzima. Atakuja hapa kila alasiri aiimbie mpaka ichanike yenyewe."

"Ami, wewe si unasema kelele ni ugonjwa?"

"Nimesema pia umwache mtu amalize. Hilo hukulisikia kwa sababu ya kelele zako."

Ndivyo tulivyoanza zile alasiri. Debe alikuja akimaliza mizigo, na kijana wa ngoma aliyeitwa Saidi, kuli mwenzake. Koni ilikuwa nzima, sauti safi, na Debe alikuwa anajisikia kila herufi. Alikwama. Alikwama sana. Redio nyuma yake zikinong'ona, jua likipita kwenye matundu ya bati na kutua sakafuni kama sarafu, na yeye pale katikati, macho kayafumba, "Ku-k-k-k-k..." Mimi nalehemu, midomo nimeibana. Ami Seif alijitia pamba masikioni siku ya kwanza, akatuambia kwamba yeye ni mtu wa taarabu na asihusishwe.

Sasa sikilizeni hapa. Siku ya tano au ya sita, Debe kakwama, nikasikia ti-ti-ti-ti. Nikainua kichwa. Ami, pamba masikioni, anagonga kikombe cha kahawa kwa pete yake, sawasawa na kile kigugumizi.

"Ami, unapiga ngoma?"

"Nafukuza nzi."

Lakini Debe alikuwa amefumbua macho. Akarudia, na safari hii hakupigana na ile K, aliiacha ije. "Ku-k-k-k-k." Ti-ti-ti-ti-ti, Ami akajibu, bila kumtazama. Saidi akaivuta ngoma katikati ya magoti akaingia nayo, na ile K iliyokuwa inamnyonga mtu ikawa inatembea. Iliweza kukaa hapo muda wowote, ikazunguka, ikatoka pale inapotaka: "...li kabeba k-k-k-kila kitu." Nilisahau chuma cha kulehemu mkononi, kikaniunguza dole gumba. Alama hii hapa, mnaiona kila siku.

Jumapili akarudi uwanjani. Sijawahi kuogopa kwa ajili ya mtu kama siku ile. Spika ilikuwa safi, amplifaya haikatiki, hapakuwa na pa kujificha. Akafika kwenye mstari. "Ku-k-k-k-k..." Ngoma zikamwingilia. Yule aliyecheka zamani, au mwingine, akacheka, kisha akakatisha kicheko chake mwenyewe kwa sababu mguu wake ulikuwa umeshaanza kucheza. Raundi ya pili makuli mia wakawa wanamjibu, "K-k-k-k-k!", vumbi likapanda mpaka sikumwona tena, namsikia tu. Kibwana, ambaye meli yake ilikuwa bandarini, alinikumbatia analia. Na mimi nililia.

Mtaniuliza koni ilichanika lini. Sijui. Miezi baadaye niliifungua kwa jambo jingine nikakuta ufa mdogo pembeni, umejichora wenyewe, mwembamba kama unywele. Nikaufunga hivyohivyo. Debe hakuwa anauhitaji tena, na wala hakuwahi kuuliza.

Ami Seif ametangulia mbele ya haki. Duka leo linauza kava za simu. Mabasi ya mwendokasi yanapita pale tulipokuwa tunaruka, na Kibwana sijui bandari gani ilimchukua. Debe amerudi Masasi, ana mikorosho na wajukuu kama mimi. Hunipigia simu kila Ijumaa baada ya swala.

Rehema, wewe ulikuwepo Ijumaa mojawapo. Uliniona nimeshika simu sikioni, kimya, dakika nzima na zaidi, ukasema kwa upole, "Babu, mtandao unakatika," ukanichukulia simu ukaikata ili nipige upya. Sikukugombeza, kwa sababu na mimi niliwahi kufanya hivyohivyo. Mtandao haukuwa unakatika, mwanangu. Alikuwa kwenye K.

Kwa hiyo kitufe chako kitumie, sina ugomvi nacho. Ila swali lako la bendi, jibu lake si la kusimuliwa. Njooni Ijumaa hii, wote, mkae hapa kibarazani na chai yenu. Simu italia. Nitaiweka spika, tutanyamaza, na asitokee hata mmoja wenu wa kummalizia neno.